Dokumentari za Giza: Wakosoaji Wanasifu, Mafans Wanawaka, Gava Inasema ni Uongo. Sasa Uamini Nani?

Wiki ile Netflix iliachilia Sean Combs: The Reckoning, mwanzo wa Disemba 2025, kila msee mwenye ako na simu alikuwa na maoni. Wengine walisema Diddy ameanikwa venye alifaa kuanikwa kitambo. Wengine wakasema hiyo ni bifu ya 50 Cent tu, imevalishwa suti na tai ikaitwa uandishi wa habari. Na kuna wale hawakutazama ata dakika moja lakini uzi wao X ulikuwa mrefu kuliko dokumentari yenyewe. Tunawajua, wengine ni mabeshte wetu.

Hizi dokumentari za mambo mazito, yaani unyanyasaji wa watoto, mauaji, dhuluma za kingono, risasi za makarao, sai zinatoka mfululizo. Na kila moja ikitoka, unaskia "imesifiwa" ama "imepondwa" bila mtu kukuambia na nani, na kwa nini. Hapo ndipo rada iko. Kuna dokumentari inapondwa ju imetengenezwa vibaya. Kuna inapondwa ju imesema ukweli wenye mtu mkubwa hataki uskike. Na kuna inapondwa ju imeumiza wale wale ilisema inawatetea. Hivyo ni vitu tatu tofauti kabisa, lakini mtandaoni vinachanganywa kama githeri.

Tumekuwekea zile kubwa za miaka ya karibuni, za majuu kwanza halafu za hapa kwetu, na venye zilipokelewa. Za hapa kwetu ndizo tutakaa nazo sana, ju huko majuu mtu akikasirika anaenda kortini. Hapa unaweza shikwa usiku.

Diddy na swali la nani analipa

The Reckoning ina sehemu nne. Mwelekezi ni Alexandria Stapleton, na mmoja wa watayarishaji wakuu ni 50 Cent, mtu mwenye amekuwa akimchokoza Diddy hadharani kwa miaka. Kitu kilifanya watu wadondoshe simu ni zile video za Diddy mwenyewe, zilizorekodiwa siku chache tu kabla ashikwe New York Septemba 2024, akiwa kwa simu akipanga venye atajitetea. Watu wake walisema video hizo ziliibwa. Netflix ikasema ilizipata kihalali.

Ukumbuke pia korti ilisema nini, ju hapa ndipo watu hupotea. Julai 2025 alipatikana na hatia kwa mashtaka mawili ya kusafirisha watu kwa ajili ya ukahaba. Yale mazito zaidi, ya genge la uhalifu na ya ulanguzi wa watu kwa ngono, aliachiliwa. Oktoba akapewa miezi 50. Kwa hivyo ukiona mtu ameandika "Diddy alipatikana na hatia ya kila kitu", huyo hakusoma. Na ukiona "Diddy alishinda kesi", huyo pia hakusoma.

Wale waliisifu walisifu ushahidi wa watu wa karibu, wenye walifanya kazi naye tangu siku za mwanzo za Bad Boy. Wale waliikosoa walirudi kwa swali moja: adui wa mtu anaweza kweli kutengeneza dokumentari ya haki kumhusu? 50 Cent alisema 2023 kwamba faida ya mradi huo ingeenda kwa waathiriwa wa dhuluma za kingono. Kwangu mimi, bifu haifuti maneno ya shahidi. Mwanamke akisema alichofanyiwa, maneno yake hayageuki uongo ati ju aliyeshika cheki ni 50 Cent. Lakini unafaa kujua nani alishika hiyo cheki kabla ubonyeze kitufe, na hiyo habari iko pale mwanzoni kwa majina, mahali wengi wetu huwa tunaruka.

Ile ilifungua mlango: R. Kelly

Kama unataka kujua dokumentari inaweza kufanya nini ikifika mahali sahihi, rudi Januari 2019. Kituo cha Lifetime kule Marekani kilionyesha Surviving R. Kelly, sehemu sita kwa siku tatu, na mmoja wa watayarishaji wakuu alikuwa dream hampton (yeye huandika jina lake kwa herufi ndogo, si sisi tumekosea).

Tuongee ukweli, kama ni urembo wa picha haikuwa kitu ya kushtua. Watu wameketi kwa kiti, picha za zamani, muziki wa kuogofya chini kwa chini. Na stori zenyewe hazikuwa mpya. Tuhuma zilikuwa zikiandikwa tangu miaka ya tisini, na 2008 jamaa aliachiliwa na korti ya Chicago. Kipya kilikuwa idadi. Mwanamke mmoja akiongea anaitwa muongo. Wakiongea wengi, mmoja baada ya mwingine, wenye hawajuani, na kila mmoja anaeleza sheria zile zile za nyumba ile ile, ata mtu mwenye alikuwa anacheza hizo ngoma kwa harusi ananyamaza. Disemba 2018, kabla ata ianze kuonyeshwa, hafla ya kuitazama New York ilivunjwa na watu wakatolewa nje ju kuna mtu alipiga simu kutishia kuwa kungekuwa na risasi. Hiyo pekee ilikuonyesha kuna watu walikuwa na hofu.

Baada ya hapo mwendesha mashtaka wa Chicago aliomba hadharani waathiriwa wajitokeze. RCA ikaachana naye mwezi huo huo. Februari akashtakiwa. 2021 akapatikana na hatia kwa korti ya Brooklyn, na 2022 akafungwa miaka 30. Dokumentari yenyewe ikapata tuzo ya Peabody. Hapo wakosoaji na matokeo vilienda pamoja, kitu nadra sana.

Neverland: wakosoaji huku, mafans kule

Miezi miwili baadaye, Machi 2019, HBO na Channel 4 ya Uingereza zikaonyesha Leaving Neverland ya Dan Reed. Masaa karibu manne. Wanaume wawili, Wade Robson na James Safechuck, wanaeleza wakisema Michael Jackson aliwanyanyasa wakiwa watoto. Wakosoaji wengi waliisifu kwa utulivu wake: hakuna kuigiza matukio, hakuna haraka, ni watu wawili na familia zao, na mama wawili wenye wanajaribu kueleza waliachaje watoto wao. Ilishinda Emmy mwaka huo. Vituo kadhaa vya redio Canada na New Zealand viliacha kucheza nyimbo za MJ, na watayarishaji wa The Simpsons wakaondoa sehemu moja ya zamani yenye sauti yake.

Mafans nao walichoma. Wengine walilipia matangazo kwa mabasi ya London kusema Jackson hana hatia, mpaka wasimamizi wa usafiri wa huko wakayatoa. Wasimamizi wa mali yake waliishtaki HBO ata kabla ionyeshwe.

Kuna mambo mawili hapa usiyachanganye. La kwanza ni hasira ya mtu mwenye ameguswa sanamu yake. Hiyo si uhakiki, hiyo ni mapenzi. La pili ni maswali halali. MJ alikufa 2009, hawezi jibu. Alikana tuhuma za aina hii maisha yake yote na 2005 korti ilimwachilia. Robson mwenyewe alikuwa shahidi wa kumtetea kwa kesi hiyo. Na kuna tarehe moja ilileta shida: Safechuck alizungumzia mambo kwa kituo cha treni pale Neverland katika miaka yenye kituo hicho kilikuwa bado hakijajengwa. Mafans walipeperusha stakabadhi za ujenzi kama bendera. Wale wanafahamu kiwewe cha watoto wakajibu kuwa mtu kuchanganya mwaka si sawa na mtu kutunga kitu chote. Pande zote mbili ziko na hoja, na dokumentari ingekuwa na nguvu zaidi kama ingemkabili Robson na ule ushahidi wake wa 2005 kwa undani, badala ya kungoja watu wa YouTube wafanye hiyo kazi na chuki juu.

Mkasi wa mhariri

Kabla turudi nyumbani, kuna moja ya HBO ya 2015 lazima uijue, The Jinx. Inamhusu tajiri Robert Durst wa New York. Mwisho wake unajulikana dunia nzima: jamaa ako msalani, amesahau kipaza sauti bado kiko kwa shati, anajiongelesha na inaskika kama amekubali kuua watu wote. Alishikwa siku moja kabla sehemu hiyo ionyeshwe. Watu walipiga makofi.

Miaka minne baadaye, kesi ikiendelea, ikajulikana kuwa yale maneno yalikuwa yamekatwa na kupangwa upya. Alisema maneno hayo, ndiyo, lakini si kwa mpangilio ule tuliuskia. Durst alipatikana na hatia ya mauaji 2021 na akafa Januari 2022, kwa hivyo mtu anaweza sema haikubadilisha kitu. Mimi naona ilibadilisha. Sai nikiona sentensi moja tamu sana mwisho wa dokumentari, najiuliza mkasi ulipita wapi. Sikumaliza chuo, lakini nimekata video za kutosha kwa simu kujua unaweza fanya mtu aseme chochote ukiwa na dakika 40 za sauti yake.

Muuaji akigeuka staa

Kundi lingine lenye limepondwa sana ni lile la wauaji na vituko. Januari 2019 Netflix ilitoa kanda za Ted Bundy, za mwelekezi Joe Berlinger, siku yenye ilitimia miaka 30 kamili tangu auliwe na serikali ya Florida. Shida ilikuja haraka: watu walianza kusema kwa mtandao jamaa ni mtanashati, mpaka Netflix yenyewe ikaandika kuwakumbusha kuna maelfu ya wanaume watanashati kwa mtambo wao na karibu wote si wauaji. Ilichekesha, lakini wakosoaji waliuliza swali la maana. Ukipatia muuaji masaa manne ya kujieleza kwa sauti yake, na wanawake aliowaua wanapata picha moja ya shule na sekunde tano, ulidhani watu watamkumbuka nani?

Tiger King ya Machi 2020 ni hiyo hiyo, ila na simba na tiger. Ilitupata tukiwa tumefungiwa kwa nyumba na corona, na tulicheka mpaka tukasahau kuna mume wa mtu amepotea tangu 1997, kuna jamaa amefungwa kwa kupanga mauaji, na kuna wanyama kwa vizimba. Carole Baskin, mwenye kucheka kwetu kulimfanya kuwa mchawi wa dunia, alisema aliambiwa itakuwa dokumentari ya kutetea wanyama, kama Blackfish ya 2013 ilivyofanyia nyangumi. Haikuwa. Kitu kizuri ni kuwa Disemba 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia watu binafsi kufuga paka wakubwa, lakini hiyo kazi ilikuwa imeanza miaka kabla, na watetezi wenyewe.

Halafu kuna Quiet on Set ya Machi 2024, kuhusu vipindi vya watoto vya Nickelodeon. Kama ulikua ukitazama Drake & Josh baada ya shule, hii ilikugonga kifua. Drake Bell alijitokeza kwa mara ya kwanza kusema ni yeye ndiye yule mtoto hakutajwa jina kwa kesi ya Brian Peck, mkufunzi wa mazungumzo mwenye alifungwa 2004. Wakosoaji walisema sehemu yake ilifanywa kwa heshima, na ni kweli. Walichokosoa ni venye waliweka kila kitu kwa sufuria moja: uhalifu uliothibitishwa kortini, bosi mwenye alikuwa mkali na wafanyakazi, na vichekesho vya zamani vinavyorudiwa polepole ili vionekane vibaya. Dan Schneider, mwenye vipindi vyake, alienda kortini akisema imemchafulia jina kwa kudokeza vitu ambavyo hakuna mtu alimshtaki navyo. Na baadhi ya waliohojiwa walilalamika baadaye kuwa hawakujua vizuri dokumentari itakuwa ya nini. Hilo la mwisho ndilo linaniuma zaidi. Mtu amebeba kidonda miaka 20, anakufungulia, halafu anajiona kwa runinga ndani ya stori hakukubali.

Ikifika hapa kwetu, lugha inabadilika

Kenya hatujazoea wakosoaji wa runinga kama wa majuu. Hapa dokumentari ikitoka, uhakiki wa kwanza hutoka kwa mtu wa serikali. Wenye walikuwa wakitazama Jicho Pevu ya KTN wanakumbuka 2013, baada ya Westgate, video za kamera za duka zikionyesha wanajeshi wakibeba mifuko. Mkuu wa polisi wa wakati huo alitishia wanahabari. Alitazama video tuliyotazama, akaona shida ni mwenye kuionyesha.

Siku hizi jina kubwa ni BBC Africa Eye, na nyingi za kazi zake utazipata YouTube bila kulipa. Novemba 2020 walitoa ile ya wizi wa watoto Nairobi. Kamera ya siri iliingia mpaka hospitali ya umma, na mfanyakazi mmoja wa huko mwenye alinaswa akiuza mtoto alifungwa 2023. Hakuna mtu alisema hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Februari 2023 ikaja ya mashamba ya chai Kericho, wanawake zaidi ya 70 wakisema waliombwa ngono ili wapate kazi ama wasifutwe, kwa mashamba yaliyokuwa ya Unilever na James Finlay kwa miaka. Mameneja wakasimamishwa kazi, Bunge likaagiza uchunguzi, na pia hapo wabunge walikuwa mbele kukasirika pamoja na sisi. Januari 2024 ilikuwa zamu ya Nigeria, sehemu tatu kuhusu marehemu TB Joshua na kanisa lake la Lagos, lenye lilikana kila kitu. Waumini waliwaka, hadi huku Kenya mwenye ako na shangazi wa kutazama Emmanuel TV aliskia kelele kwa nyumba.

Cheki vizuri mpangilio huo. Mshukiwa akiwa mfanyakazi mdogo wa hospitali, dokumentari ni nzuri. Akiwa kampuni ya wazungu, ni nzuri sana. Halafu ikafika Aprili 28, 2025.

Blood Parliament

Siku hiyo Africa Eye waliachilia Blood Parliament, kuhusu Juni 25, 2024, siku ya maandamano ya Mswada wa Fedha na risasi za Bunge. Wengi wenu mnasoma hii mlikuwa town siku hiyo, ama mlikuwa na mtu town. Wachunguzi walipitia zaidi ya picha na video 5,000, nyingi zikiwa zile za waandamanaji wenyewe, wakapanga sekunde kwa sekunde, pembe kwa pembe, mpaka wakafikia afisa wa polisi na mwanajeshi wenye wanasema walifyatua risasi zilizoua. Waliouawa hawakuwa na silaha.

Kama uhakiki wa kazi, hii ndiyo nguvu yake: haikutegemea mtu kulia mbele ya kamera. Ilitegemea video zenye sisi wenyewe tulikuwa nazo kwa simu. Mtu angeweza kurudi kuziangalia moja moja. Watu walilia, ndiyo, lakini walilia ju waliona, si ju ya muziki.

Sasa mapokezi. Onyesho la kwanza lilikuwa lifanyike kwa ukumbi mmoja wa sinema Nairobi na likafutwa. BBC ilisema kulikuwa na shinikizo kutoka kwa mamlaka. Wabunge kadhaa waliwaka, na Peter Kaluma wa Homa Bay Town akataka BBC ifungiwe Kenya. Upande wa serikali ukasema dokumentari imeegemea upande mmoja. Mei 2, makarao wakashika watengenezaji filamu wanne Nairobi na kuchukua vifaa vyao, wakaachiliwa siku iliyofuata. BBC ikasema hao wanne hawakuhusika kabisa na Blood Parliament.

Tukae na hayo maneno "upande mmoja", ju utayaskia tena. Ukitazama dokumentari yenyewe na ripoti ya BBC, majibu yako ndani. Jeshi lilisema IPOA haikuwa imelipelekea ombi lolote la kuchunguza wanajeshi wake waliokuwa Bunge siku hiyo. Polisi walisema wao hawawezi kujichunguza, hiyo ni kazi ya IPOA. Kwa hivyo upande wa pili uliulizwa na ukajibu. Jibu lilikuwa jembamba tu. Mtu akisema "upande mmoja", mwulize ni swali gani aliulizwa akanyimwa nafasi ya kujibu. Kama hana jibu, basi hafanyi uhakiki, analalamika.

Maai Mahiu: hapa ndipo kuna uzito wote

Agosti 4, 2025, Africa Eye tena. Hii ilikuwa Madams, kuhusu watoto wanaouzwa kwa ngono Maai Mahiu, ule mji wa malori kwa barabara ya kwenda Naivasha na mbele hadi Uganda na Kongo. Wanawake wawili waliingia na kamera ya siri wakijifanya wanataka kujifunza kazi ya umadam. Madam mmoja mmoja wakawaeleza biashara bila wasiwasi, wakijua ni kosa la jinai, na wakawaonyesha wasichana. Mdogo zaidi anayetajwa ana miaka 13. BBC ilisema ilipatia polisi ushahidi tangu Machi, na mpaka dokumentari inatoka hakuna mtu alikuwa ameshikwa. Polisi walisema hao wanawake hawapatikani.

Mwezi huo huo Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alienda mbele ya wabunge akasema dokumentari ni ya uongo, kwamba wale walionyeshwa kama watoto walikuwa watu wazima. BBC ilijibu kuwa iko wazi kwa dokumentari kwamba manusura walihojiwa wakiwa na zaidi ya miaka 18, wakieleza walichofanyiwa wakiwa watoto.

Soma tena hizo sentensi mbili. Haya si maoni mawili yanayoweza kukaa pamoja. Mwanamke wa miaka 20 akikuambia aliuzwa akiwa na 13, kumwambia "lakini wewe ni mtu mzima" si kumjibu. Ni kama kuenda kwa daktari na kovu la moto na akuambie hapa sioni moto. Na cha kushangaza ni kuwa mwanahabari kuhoji mtu mzima badala ya mtoto ndiyo njia ya heshima. Wangehoji mtoto wa 13 na kuonyesha sura yake, hapo ndipo tungewaponda, na tungekuwa sawa.

Kuna uhakiki wa maana unaweza kufanywa kuhusu Madams. Mji ulitajwa kwa jina. Ni mji mdogo, watu wanajuana, na hata ukificha sura ya mtu, majirani wanajua sauti, wanajua mkao, wanajua viatu. Timu ya kamera ikipakia vitu na kurudi London ama Nairobi, manusura anabaki pale pale na madam yule yule. Je, alipangiwa nini? Analala wapi? Nani anamlinda wakati afisa anakuja kuuliza "ni nani waliongea na BBC"? Haya ni maswali ya kuuliza BBC bila kuogopa, na pia ya kuuliza kila chaneli ya hapa yenye hupeleka kamera kwa mtoto aliyebakwa na kuonyesha nyumba yao, mama yake na sare ya shule, halafu wanaweka kaukungu kidogo kwa macho.

Lakini hilo si swali Bunge liliulizwa. Mjadala ulikuwa ni aibu kwa jina la nchi. Wiki nzima tuliongea kuhusu BBC na hatukuongea kuhusu hao wanawake wenye wanauza watoto.

Na sisi pia tuko ndani kidogo. Dokumentari ya giza siku hizi haitazamwi nzima, inakatwa vipande vya TikTok. Kipande kinapoteza ile onyo ya mwanzo, kinapoteza jibu la mshukiwa, kinapoteza ule mstari wa mwisho unaosema kesi imefika wapi. Kuna akaunti zilichukua vipande vya Madams zikaweka mshale mwekundu zikiuliza kama kuna mtu anamjua huyu dem. Yaani mtu amefichwa sura ili asiuawe, na wewe unafanya mashindano ya kumtambua ili upate likes.

Ukitaka kuzitazama, Blood Parliament na Madams ziko kwa chaneli ya BBC Africa YouTube, na ya wizi wa watoto na ya chai pia utazipata huko. The Reckoning na ya Bundy ziko Netflix. Tazama ukiwa na mtu, hasa Madams. Na kama kuna mtoto unajua anapitia mambo kama haya, ata kama huna hakika, nambari ya Childline Kenya ni 116, bure kwa laini yoyote. Ya dhuluma za kijinsia ni 1195, pia bure, mchana na usiku.